Mgeni wa Mgeni

Methali mbili hutajwa mara kwa mara mgeni anapobisha hodi. Ya kwanza yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza humpa mgeni heshima yake, ya pili humwonyesha mpaka wake, na kati ya hizo mbili nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimeongozwa vyema kwa muda mrefu. Julius Nyerere aliitumia hiyo ya pili mwaka 1962 alipoeleza misingi ya ujamaa, ili kuonyesha kuwa ukarimu wa wazee haukuwa kibali cha uvivu. Lakini liko swali ambalo methali zote mbili zimelinyamazia, yamkini kwa sababu zamani halikuulizwa mara nyingi. Mgeni wa mgeni ni mgeni wa nani?

Swali hili si mchezo wa maneno. Huulizwa kwa vitendo mahali pengi, na mahali pamoja ni Kongwa, katika uwanda wa kati wa Tanzania. Pale pana chuo cha theolojia cha Kanisa la Anglikana, Chuo cha Mtakatifu Filipo, ambacho pamoja na walimu wananchi kimepata kuwa na walimu kutoka ng'ambo, hasa Australia. Mwalimu wa namna hii ameiacha nchi yake kwa ajili ya imani. Amejifunza Kiswahili kwa taabu, amezoea vumbi la kiangazi na upepo wa uwandani, na watoto wake wamecheza na watoto wa majirani mpaka wakaanza kugombana kwa Kiswahili. Kisha siku moja huja habari kwamba mama yake, au baba yake, au dada yake, anafunga safari kuja kumwona. Hapo ndipo mtihani unapoanza.

Iko njia moja ya kuupita mtihani huo ambayo hupendwa na wengi waishio ugenini. Wageni hupokelewa uwanjani, huletwa nyumbani na kutiwa ndani ya lango. Hukaa siku nne au tano wakila chakula cha kwao. Jumapili hupelekwa kanisani, husimamishwa wakatajwa majina, hupunga mkono, huketi. Kisha huondolewa kwenda Ngorongoro kutazama wanyama na Unguja kutazama bahari, na kutoka huko hurudi kwao. Wakifika kwao huwa wamemwona tembo kwa karibu kuliko walivyomwona jirani wa mtoto wao.

Makala haya yanaipinga njia hiyo. Yanadai kwamba Mkristo aishiye na kufanya kazi katika nchi ya watu hana milki ya peke yake juu ya jamaa amtembeleaye. Mtu aliyepokelewa hana budi kuwaachia waliompokea wampokee na mgeni wake. Akimficha, hadhani ila kwamba anailinda nyumba yake. Kumbe anawanyima wenyeji wake nafasi ambayo ni adimu kuliko fedha, nayo ni nafasi ya kumpa yeye kitu asichoweza kukinunua wala kukilipa.

Kwanza itazamwe jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa geni. Wamisionari wa Church Missionary Society walipofanya kituo Mpwapwa mwaka 1878, safari kutoka pwani ilikuwa ya miguu, ya majuma kadhaa, na homa ilikuwa njiani. Hapana mama aliyeondoka Uingereza kwenda kunywa chai na mwanawe Ugogo. Aliyekwenda aliagwa kama aagwavyo maiti, na wengine walikuwa maiti kweli kabla ya barua yao ya pili kufika. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1927 kazi ya misioni katika sehemu hizo ilipokabidhiwa Waaustralia chini ya Askofu George Chambers, meli bado ilichukua majuma kuvuka bahari. Katika zama hizo mmisionari aliweza kuonekana kwa wenyeji kama mtu asiye na mama. Alikuja peke yake, kama mvua ijavyo, bila nasaba. Leo ndege huvuka bahari kwa siku moja, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme humtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Mama anaweza kuja. Kwa hiyo swali ambalo jiografia ililijibu zamani kwa niaba ya watu, sasa watu hawana budi kulijibu wenyewe.

Lakini nchi yenyewe haikuwa bila sheria juu ya wageni. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na kabla ya kufika huko ilivuka nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, ambayo jina lake hueleza habari ya maji yake. Aliyetoka katika nyika ile alihitaji kisima kabla ya kuhitaji neno lolote. Watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani nguo, ushanga na waya, ndipo msafara ukapewa ruhusa ya kuteka maji na kupita. Richard Burton aliyepita mwaka 1857 na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871 waliandika juu ya hongo kwa manung'uniko mengi. Kwao ulikuwa unyang'anyi. Hawakupenda kufikiri kwamba katika nchi yenye visima vichache, punda na wapagazi mia kadhaa wakinywa leo, ng'ombe wa mwenyeji hulala na kiu kesho.

Neno hongo limeharibika tangu siku zile, na leo ni jina la rushwa. Hata hivyo maana yake ya kale yafaa kukumbukwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na tamko: nchi hii ina wenyewe, na apitaye hana budi kujulikana kwao. Msafara haukuweza kuingiza watu kimyakimya kama kwamba barabara ni ukumbi wake. Mgeni wa mgeni alihesabiwa pamoja na mgeni. Yule ambaye leo humpitisha mama yake mbele ya nyumba ishirini bila kusimamisha gari kwa salamu huenda anaikataa hongo kwa haki, lakini ameikataa pamoja na adabu iliyokuwa ndani yake.

Historia ya Kongwa imetoa mifano miwili inayoonyesha mambo haya waziwazi, mmoja wa kuonya na mmoja wa kufundisha.

Mfano wa kuonya ni Mradi wa Karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliazimia kulima eneo kubwa sana la Tanganyika ili kupata mafuta ya kula, na Kongwa ikawa makao ya kwanza ya kazi hiyo. Mashine zililetwa, njia ya reli ikachepushwa kutoka reli kuu, nyumba zikajengwa, ikawako hospitali, ikawako na shule ya watoto wa Kizungu iliyodumu mpaka mwaka 1958. Mzungu aliyefika miaka ile kumtazama ndugu yake Kongwa aliweza kushuka, kula, kulala, kucheza, kuugua na kupona bila kuhitaji ukarimu wa Mgogo hata mmoja. Kila alichokihitaji kilikuwa kimeletwa kabla yake. Mvua zilikuwa chache, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mitambo ikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Waliokuja na mradi wakaondoka na mradi. Wenyeji wakabaki na mashamba mapana, vyuma vichakavu na neno. Neno hilo ni mradi, na Kongwa inalijua vizuri.

Husemwa kwamba karanga zilishindwa kwa sababu ya mvua na udongo. Ni kweli. Lakini hapana mtu aliyemwuliza Mgogo kwa dhati habari ya mvua na udongo, na sababu ya kutomwuliza ni kwamba hapana aliyekuwa mgeni wake. Mgeni huuliza, mwenye kujitosheleza haulizi.

Mfano wa kufundisha ulifuata katika uwanda uo huo. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na Angola walipewa kambi Kongwa, kwa mpango wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika na Serikali ya Tanzania. Watu hawa hawakuwa na mama awezaye kuja kuwatazama. Mama kutoka Transvaal au Ovamboland angepata wapi ruhusa ya kumfuata mwana aliyetoroka kwenda kujifunza silaha? Hata barua ilikuwa hatari. Walikuwa chini ya amri za kijeshi, na hapana haja ya kuyapamba maisha yao kwa maua. Kambi yoyote ina taabu zake na majirani wake wana malalamiko yao. Lakini neno moja halikanushiki. Waliokosa jamaa waliupata ujamaa pale pale. Wako waliooa na waliozaa na wenyeji, na wako waliofia Kongwa wakazikwa Kongwa. Damu yao iko katika nyumba za wilaya ile mpaka leo.

Mifano hii miwili ikitiwa katika mizani, yaonekana kwamba kilichowatenga watu wa karanga na wenyeji hakikuwa rangi peke yake. Walikuwa na kila kitu, na nyumba iliyo na kila kitu haina mlango wa kuingilia jirani. Mwalimu wa Mtakatifu Filipo hana mamilioni ya pauni, na moyo wake ni mbali na moyo wa mradi ule. Lakini afungapo lango wiki ya kuja kwa mama yake, na kumlisha vya sandukuni, na kumwondoa kabla hajamsalimu mtu, hujenga Kongwa ndogo ya mwaka 1948 katika ua wake.

Kwa Mkristo jambo hili lina shahidi mkubwa kuliko historia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kina habari ya mtu aliyetembelewa na jamaa zake kazini, katika nchi isiyo yake. Yethro, kuhani wa Midiani, alisikia habari za mkwewe Musa, akamchukua binti yake Sipora na wajukuu wawili, akawaleta jangwani. Jina la mjukuu mmoja, Gershomu, lilikuwa lenyewe habari ya ugeni wa baba yake. Musa alitoka kumlaki mkwewe, akainama, akambusu, wakaulizana hali, wakaingia hemani. Alimsimulia yote yaliyotukia. Mpaka hapo hapana la ajabu. Hata mwalimu wa lango lililofungwa hufanya vivyo. Lakini habari haikuishia hemani. Haruni alikuja, na wazee wote wa Israeli walikuja pamoja naye, wakala chakula na mkwewe Musa mbele za Mungu. Mgeni wa Musa akawa mgeni wa taifa.

Na siku ya pili ikawaje? Musa hakumpeleka Yethro kutazama mandhari ya Sinai. Alikwenda kazini kama kawaida, akaketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na Yethro akamwona. Mzee akasema waziwazi kwamba kazi ile, kwa jinsi inavyofanywa, itamchakaza yeye na watu. Akashauri wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa akasikia. Mpango wote wa uamuzi katika Israeli ya jangwani ulitokana na ziara ya mkwe aliyeachwa aone kazi na aone watu. Lau Yethro angalifichwa hemani na kisha kupelekwa matembezini, Musa angalipata mapumziko ya wiki moja na uchovu wa miaka arobaini.

Tena Musa alikuwa na deni. Alipokuwa mtoro Midiani, Yethro ndiye aliyewaambia binti zake wamwite mgeni yule aje ale. Kila mkarimu wa kweli huanza kwa kuwa amekaribishwa. Na mwalimu aliyefika Kongwa bila kujua jina la mboga hata moja, akaonyeshwa kisima, sokoni na kwa daktari na watu ambao hawakumdai kitu, yuko katika deni hilo hilo.

Sasa zisikizwe hoja za upande wa pili, maana hazikosi uzito.

Hoja ya kwanza ni ya faragha. Mama na mwana hawakuonana miaka miwili au mitatu. Bibi hajapata kumpakata mjukuu aliyezaliwa mbali. Je, hawana haki ya kulia na kucheka peke yao? Wanayo. Hata Musa aliingia hemani kwanza. Siku mbili za methali na ziwe za nyumba, na lango lifungwe bila lawama. Lakini mjukuu yule anayepakatwa, ni nani aliyembeba mgongoni bibi alipokuwa ng'ambo ya bahari? Ni wanawake wa Kongwa. Mtoto amekuwa na mabibi watatu au wanne ambao bibi wa damu hajawajua majina. Wamemwogesha, wamemnyamazisha, wamemfundisha kuwaamkia wakubwa. Bibi anayekuja na kuondoka bila kuwashika mikono wanawake hao hatendi faragha. Anaondoka na shukrani ya watu mfukoni mwake.

Hoja ya pili ni ya afya. Husemwa kwamba tumbo la mzee wa miaka sabini halikuzoea maji ya kisima wala mlenda. Hoja hii ni ya haki kwa kipimo chake, na dawa yake ni ndogo kama yenyewe. Maji huchemshwa. Ugali wa uwele umepita motoni, na chai imechemka. Mwenyeji akiambiwa kwa adabu kwamba mzee ana masharti ya daktari huelewa, kwa kuwa naye ana wazee. Asichoelewa mwenyeji ni mgeni aliyetia chakula mdomoni mwa kamera na asikitie mdomoni mwake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na hutolewa na watu wema. Wasema: watu wa Kongwa ni maskini. Mvua zikikosa, mtama huungua shambani. Familia yenye kuku watatu ikimchinjia mgeni mmoja, imetoa theluthi ya zizi lake kwa mtu ambaye nauli yake ya ndege ingaliweza kununua kuku wa kijiji kizima. Je, si dhuluma kumpelekea mgeni tajiri mwenyeji maskini?

Hoja hii ijibiwe taratibu. Hapana shaka kwamba Ugogo unaijua njaa. Katika miaka ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kuchukua mizigo, watu wengi mno walikufa, na jina la njaa ile halijasahauliwa. Watu waliopitia hayo hawahitaji kufundishwa hesabu ya kuku. Wanajua thamani ya walichokishika kuliko yule awahurumiaye. Na wakijua hivyo, bado huchinja. Basi uamuzi huo ni wao, wala si wa mtu mwingine kuwaamulia kwa jina la huruma.

Yafaa pia itazamwe hali iliyotangulia kuku huyo. Kwa zaidi ya karne moja mambo katika uwanda ule yametiririka upande mmoja. Dawa zilitoka ng'ambo, vitabu vilitoka ng'ambo, walimu na mabati vilitoka ng'ambo. Mwenyeji amekaa katika kiti cha mpokeaji mpaka wengine wakadhani amezaliwa nacho. Hawezi kumjengea mwalimu nyumba Melbourne wala kumsomeshea mtoto. Kitu kimoja tu kimo katika uwezo wake ambacho mwalimu hana njia ya kukipata dukani, nacho ni kumpokea mama wa mwalimu. Siku hiyo moja mizani hulala sawa. Yule apewaye siku zote hutoa, na yule atoaye siku zote hupokea. Kuikataa siku hiyo kwa hoja ya umaskini ni kumwambia mtu kwamba umaskini wake umemwondolea haki ya kuwa mwenyeji katika nchi yake. Hapana tusi lililovikwa nguo nzuri kuliko hilo.

Kutoka hoja hii hutokea kosa jingine, ambalo ni la wageni wakarimu. Huja na masanduku ya nguo zilizovaliwa, peremende na kalamu. Wakishuka tu garini huanza kugawa, na watoto huwazunguka kama nyuki. Hudhani wametenda wema, na hapana abishaye kwamba nia yao ni safi. Lakini mgeni aanzaye kwa kugawa amekataa ugeni. Amejitawaza kuwa mfadhili kabla ya kuamkiwa. Wenyeji, ambao ni watu wa adabu, humfuata katika mchezo aliouchagua. Walikuwa wamejiandaa kumpa kigoda, sasa wanampa orodha ya mahitaji. Kisha mgeni hulalamika njiani kwamba watu wa Afrika huomba sana! Mfadhili akirudi kwao hukusanya fedha, na urafiki ambao haujapata kuzaliwa huzikwa ndani ya mradi. Na Kongwa, kama ilivyosemwa, inalijua neno hilo.

Hoja ya nne yasema kwamba kazi itasimama. Mwalimu mwenye vipindi na mitihani hawezi kuwatembeza wageni nyumba kwa nyumba. Jibu lake limo katika habari ya Yethro: wageni waifuate kazi. Mwanafunzi wa theolojia hufundishwa darasani amri ya tano, ya kuwaheshimu baba na mama, na mwalimu ambaye baba na mama yake ni hadithi. Wazee hao wakija wakaketi nyuma ya darasa, na mwalimu akaonekana akimpisha baba yake kiti, akikatizwa na mama yake mbele ya watu na kukubali kukatizwa, amri ya tano imefafanuliwa kwa dakika tano kuliko kwa muhula mzima. Wanafunzi wale watakuwa wachungaji wa vijiji. Yale waliyoyaona watayahubiri.

Basi upokezi uliopaswa ni upi? Si mgumu. Baada ya siku mbili za nyumba, mgeni na apelekwe kwa miguu kuwasalimu majirani, wazee kwanza. Na ajifunze mbukwenyi, salamu ya Wagogo, hata kama ulimi utateleza, kwa kuwa kicheko cha kwanza hufungua mlango kuliko hotuba. Jumapili asitosheke kupunga mkono. Na akae mpaka mwisho wa ibada, utolewe mnada wa mahindi, mayai na kuku waliotolewa sadaka, aone jinsi watu wa kipato kidogo wanavyoiendesha nyumba ya Mungu kwa mikono yao. Wakimnunulia kuku na kumkabidhi akiwa amefungwa miguu, na ampokee kwa mikono miwili wala asimrudishe. Siku ya tatu na apewe jembe, au mchi, au ndoo. Akishindwa, atakuwa ameshindwa mbele ya watu, na hapo ndipo atakapokuwa mtu. Baada ya hayo, aendaye Ngorongoro na aende kwa amani. Tembo hawana haraka.

Isidhaniwe kwamba shauri hili lawahusu Wazungu peke yao. Mwalimu au mganga Mtanzania aliyetoka Moshi au Bukoba akapangiwa kazi Kongwa naye ni mgeni, na wako wafanyao yale yale bila udhuru wa lugha. Ndugu zake hushuka na ndizi zao, hula wenyewe, huiteta nchi kuwa kavu na watu wake kuwa duni, hupanda basi na kwenda. Huyu amekosa zaidi, kwa kuwa alizijua methali zote mbili tangu utoto.

Liko pia jambo la upande wa pili wa bahari ambalo halifai kufichwa. Mama wa Melbourne hupata viza ya Tanzania bila taabu kubwa. Hulipa, hupigwa muhuri, hupita. Mama wa Kongwa ambaye mwanawe anasoma au anafanya kazi Australia au Uingereza hutakiwa kuleta taarifa za benki na ushahidi kwamba atarudi kwake, kana kwamba shamba lake, kaburi la mumewe na wajukuu wake wengine si ushahidi. Mara nyingi hukataliwa, na mara nyingi zaidi hajaribu. Hivyo mwana wa Australia aweza kutembelewa na mama yake Kongwa, na mwana wa Kongwa haelekei kutembelewa na mama yake Australia. Sheria hiyo haikutungwa na mwalimu wa Mtakatifu Filipo, wala hawezi kuifuta. Lakini ataijua uchungu wake siku mama yake mwenyewe atakapoketi kigodani kwa mama ambaye mwana wake yuko mbali na hajamwona. Wakina mama hao wawili watafahamiana bila mkalimani. Na mmoja wao, akirudi kwao, atakuwa na neno la kuwaambia raia wenzake na mbunge wake, neno ambalo hakulisoma katika gazeti. Aliyefichwa nyuma ya lango hana neno hilo.

Injili ya Marko husimulia kwamba mama na ndugu za Yesu walipokuja kumwita, walisimama nje, naye akawatazama waliomzunguka akawaita hao mama na ndugu zake. Wako wanaoisoma habari hiyo kana kwamba aliwakana jamaa zake. Wasomao vyema huona kwamba aliupanua ukoo. Mkristo akaaye ugenini ametenda nusu ya habari hiyo: amepata mama na ndugu kati ya wasio wa damu yake. Jamaa zake wa damu wanapofika, nusu ya pili humngoja. Aweza kuwaacha wasimame nje ya ukoo wake mpya, wakiuona kwa kioo cha gari. Au aweza kuwaingiza, wakahesabiwa.

Hapo swali la mwanzo hupata jibu. Mgeni wa mgeni ni mgeni wa mwenyeji, na nchi yoyote iliyompokea mtu imejiwekea haki ya kumpokea mama yake. Amnyimaye mwenyeji haki hiyo, hata akikaa Kongwa miaka thelathini, akafundisha vizazi, akazikwa hapo, atakuwa amefanya kazi katika nchi ile bila kuishi ndani yake.